Mgeni wa Chumba cha Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini katika nyumba ya wageni sikugusa chumba hata kimoja. Msimamizi wa Nyumba, mzee mkavu aliyefunga funguo zote kiunoni, alinipeleka nyuma kwenye pipa la maji. Lilikuwa limejengewa matofali ubavuni, kuni za mkaratusi zinawaka chini yake, na bomba linapeleka maji ya moto bafuni. Aliniambia kwamba mgeni wa Vwawa husamehe chai iliyopoa, lakini maji ya baridi asubuhi ya mwezi wa saba hasamehi. Nikawa nanuka moshi hata kanisani.

Nyumba yenyewe ilijengwa na mlowezi mmoja wa kahawa enzi za Mwingereza. Ina kuta nene za matofali ya kuchoma, meko katika kila chumba, na baraza refu lenye nguzo. Baadaye ikawa ya serikali, na mimi niliajiriwa miaka ile maduka yalipoanza tena kujaa bidhaa kutoka Tunduma. Kutoka kwenye pipa nilihamishiwa udobi, kisha vyumbani. Huko nilijifunza kukunja kona za shuka kama bahasha na kusugua sakafu nyekundu kwa nta mpaka ing'ae. Ninyi vijana mna vigae, mnapiga deki mara moja mnamaliza. Hongereni, migongo yenu itadumu.

Kisha nyumba ikabinafsishwa, akaja Meneja mpya kutoka mbali. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na haraka tu. Alileta utaratibu kwamba kila mhudumu ana chumba chake: unampokea mgeni barazani, unamtazama usoni, unamtaja jina, unambebea mzigo, unamwashia moto na kumwandalia chakula. Wageni waliupenda. Hata mimi niliupenda, hadi siku ya wazee.

Wilaya ilitaka nyumba ile ihifadhiwe, ikawaalika wazee walioijenga ujanani waje waeleze habari zake, wapigwe picha, walale hapo. Nilisimama barazani nikimsubiri mgeni wangu wa chumba cha tatu, ambaye jina lake nilikuwa bado sijatajiwa. Gari liliposimama nikasikia kikohozi ninachokijua. Nikajifunika kanga kichwani, nikakimbilia nyuma kwenye pipa.

Alikuwa baba mkwe wangu, kutoka Ileje. Nimeolewa kwa Wandali, na kwa desturi niliyoikuta kwao, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Hamtazami, hataji jina lake, na akisikia sauti yake njiani huchepuka. Wanangu wote walikuwa wamepakatwa na mzee yule, lakini mimi uso wake sikuwahi kuuona.

Meneja akanifuata. Nikamweleza, nikamwambia pia kwamba Sikitu, mwenzangu ambaye angenishikia zamu, yuko msibani Nanyala.

"Hapa kazini hakuna mkwe, kuna mgeni," akasema. "Kama huyu humuwezi, kesho usije."

Niliogopa sana. Mume wangu alikuwa seremala wa kubahatisha, na chakula cha nyumbani kilitoka kwenye kazi ile. Lakini kumwendea mzee uso kwa uso kungekuwa kumvunjia heshima mbele ya wenzake, na asingelisahau jambo hilo, wala mimi. Nilibaki nimeshika ukuni, nalia kwa hasira.

Ndipo nikasikia sauti ya mzee kutoka barazani; maneno ya Meneja yalikuwa yamemfikia.

"Meneja, yule hanikimbii. Ananiheshimu. Ukimfukuza kwa ajili yangu, mimi naenda kulala stendi."

Meneja akamwendea. Mzee akaomba kiti. Akakiweka mwisho wa baraza, akakaa akiielekea nguzo, nyumba akaipa mgongo. Meneja akarudi kwangu, akasema taratibu kwamba njia ni nyeupe, nifanye kazi yangu.

Sijawahi kutandika kitanda kama kile. Niliwasha moto, nikapeleka maji, nikaweka chakula mezani na kukifunika. Nilipokuwa natoka, nikamsikia akizungumza na nguzo, kwa sauti ya kutosha kufika mlangoni.

"Wewe nguzo, matofali yako niliyafyatua mimi, na siku zile sikukaribishwa ndani. Leo nimewashiwa moto. Mwambie aliyeuwasha kwamba mwanangu alioa mtu."

Nilipita haraka kwenda nyuma. Furaha niliyokuwa nayo sikuwahi kuipata tena katika kazi, hata siku nilipokabidhiwa funguo na kuwa Msimamizi wa Nyumba mwenyewe. Tangu hapo Meneja hakumpangia mhudumu chumba kabla ya kutusomea majina ya wageni na kuuliza, "Nani ana mkwe hapa?" Tulicheka, lakini aliuliza kwa dhati.

Picha ya wazee ilitundikwa sebuleni juu ya meko. Nilifuta vumbi lote la nyumba ile, ila lile la picha alilifuta Sikitu. Mzee alifariki nikiwa bado kazini. Siku niliyostaafu, Meneja aliishusha picha, akaniambia sasa naweza kumtazama, hakuna wa kukasirika. Nilimshukuru, nikamwomba airudishe ukutani.

Wajukuu huniuliza kama haikuwa mateso. Nawajibu kwamba wapo watu waliotazamana kila siku na hawakuwahi kutendeana alilonitendea yule. Uso wake siujui hadi leo. Mgongo wake ningeutambua popote.