Fundi Aliyepandisha Dari Peke Yake

Fundi aliyenipandishia dari ya nyumba yangu hapa Kilindoni amefariki, na tumemzika Ijumaa baada ya sala. Habari niliipata Alhamisi jioni kwa dereva wa bodaboda aliyekuwa anatoka Utende. Alisimama mbele ya kibaraza changu bila kuzima pikipiki, akasema, "Shikamoo mwalimu. Yule fundi wako wa dari hatunaye. Kakutwa ndani ya nyumba aliyokuwa akiifanyia kazi." Nikamuuliza alikuwa na nani. "Na nani tena, mwalimu? Si anafanya peke yake." Alilisema kama jambo la kawaida. Lilikuwa la kawaida kweli, na mmoja wa waliolifanya liwe hivyo ni mimi, kwa kuliandika katika safu hii.

Alipokuja kwangu mara ya kwanza hakuwa peke yake. Alikuja na mkewe. Ubao wa jipsamu ni mrefu kumpita mtu, na ukiukamata vibaya unakatika katikati kama biskuti. Uchochoro wa kwangu haupitishi gari, kwa hiyo mbao zilishushwa barabarani, nao wakazibeba moja moja, mume mbele, mke nyuma na ngata kichwani. Hawakusemezana sana. Mke akisema "kona," mume alipunguza mwendo. Mume akisema "tope," mke aliinua mguu. Ndani, mume alipanda juu kukaza skrubu huku mke akiuhimili ubao kwa kichwa na viganja. Majirani walicheka kumwona mwanamke katika kazi ile, wao wakaendelea. Siku ya tatu, pale langoni kwangu, upepo uliukamata ubao ukamzungusha yule mama, akaanguka na bega likateguka. Mume aliutupa ubao, akaketi naye mchangani. Nilimsikia akimwambia, "Hutabeba tena. Wallahi hutabeba." Mke akajibu, "Usiape. Bega tu hili, litapona."

Baada ya wiki kadhaa alirudi kumalizia, akiwa na vitu viwili alivyovitengeneza na mchomeleaji wa hapa mjini. Cha kwanza kilikuwa kipande cha nondo kilichokunjwa chini kama kulabu, na juu kina mpini. Unaupachika ubao kwenye kulabu, unaulaza ubavuni, unatembea nao mkono mmoja ukiwa huru. Cha pili kilikuwa uchaga wenye miguu mitatu ya bomba, wenye mnyororo na pedali za baiskeli. Unalaza ubao juu yake, unazungusha pedali, ubao unapanda taratibu mpaka unagusa fremu ya dari na kukaa hapo ukisubiri skrubu. Nilijitolea kumshikia japo pembe moja. Akakataa kwa adabu. "Kaa, mwalimu. Hiki hakichoki, wala hakiumii bega." Mkewe alikiita kile chombo mke mwenza, na nyumbani kwao walikuwa wakicheka sana kwa neno hilo.

Nikaandika. Nilimsifu kwamba kisiwani kwetu ametokea mtu mmoja anayefanya kazi ya wawili bila kumtegemea mtu. Makala ilisambaa kwenye simu, na wenye nyumba wakaanza kumtafuta yule fundi wa peke yake. Mwaka uliofuata nilikutana naye dukani akinunua skrubu. Alikuwa amekonda. Akaniambia, "Uliniandika vizuri, mwalimu, nashukuru. Ila sasa nikisema nataka mtu wa kunisaidia, wananiambia mbona tumesoma kwamba huhitaji mtu." Nikacheka. Nilidhani anatania. Hakucheka, akachukua skrubu zake akaenda.

Mlinzi wa ile nyumba ya Utende ndiye aliyemkuta, wakati wa laasiri. Uchaga ulikuwa umesimama imara, ubao umegusa fremu ya dari, skrubu mbili zimeshaingia. Daktari alisema ni kiharusi, na kwamba hakikumuua papo hapo. Hilo hata asiye daktari angelijua, kwa sababu sakafu ilikuwa imejaa vumbi jeupe la jipsamu, na katika vumbi lile palikuwa na mburuzo wa mwili kutoka kwenye uchaga mpaka karibu na mlango. Simu yake ilikuwa ndani ya mfuko, na mfuko umetundikwa kwenye msumari ukutani. Hakuufikia.

Nilikwenda kumwona mkewe, ambaye yuko eda. Tulikaa chumbani, wanawake wawili. Nilikuwa nimejiandaa kumwomba radhi, lakini yeye akatangulia kusema. "Bega lilipona zamani, mwalimu. Nilimwambia nirudi kazini, akasema wenye nyumba hawataki mtu wa ziada. Nami sikumng'ang'ania. Niliona raha kukaa nyumbani." Akafuta uso kwa upande wa kanga. "Wananiambia hata ningekuwepo nisingeweza kitu, mimi si daktari. Ni kweli. Lakini ningempakata kichwa. Asingejiburuza kwenye vumbi kama mnyama."

Nilikulia katika nyumba ya makuti. Paa la makuti huliezeki peke yako hata ukitaka, na siku ya kuezeka kwetu walikuja hata watu waliokuwa hawasalimiani na baba. Sisemi turudi kwenye makuti. Bati halivuji, na dari inapunguza joto. Ila kila kifaa kinachotupunguzia mzigo kimetupunguzia na mtu, nasi tumehesabu ule mzigo tu. Mchomeleaji ameniambia kwamba tangu mazishi ameshapokea oda za uchaga kama ule kutoka kwa mafundi wengine. Na ile nyumba ya Utende imekwisha kupigwa dari. Fundi mwingine aliimalizia kwa vyombo vya marehemu, akiwa peke yake, na mwenye nyumba ameridhika.

Sina matumaini kwamba maneno haya yatabadili kitu. Yale ya kwanza yalibadili, kwa kuwa yaliwaambia watu walichotaka kusikia. Nilichojifunza ni kidogo na nimekijua nimeshachelewa: ukimwona mtu anaweza peke yake, usimsifu kabla hujamuuliza mwenzake yuko wapi, na kama angependa awe naye. Mimi sikumuuliza. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti nikimtazama anavyozungusha pedali, nikitafuta sentensi nzuri ya kuanzia.