Jioni ya Kumheshimu Nihal Mahesar

Hapa Shikarpur, mji wetu katika jimbo la Sindh, Pakistan, ukitaka kummaliza mshairi huna haja ya kumpiga marufuku. Mfanyie jioni ya heshima.

Nihal Mahesar, jirani yangu, muuza achari wa sokoni, alitunga mashairi ya Kisindhi maisha yake yote, mikono ikiwa ndani ya pipa la maembe. Wateja walimsifu sana. Kitabu chake kilipotoka walikisifu pia, wakakipokea bure kwa mikono miwili. Mkewe Sabhagi, ambaye hajui kusoma, alikuwa na lake: "Beti hazichemshi chai, baba Rano."

Kisha daktari akaona uvimbe kooni. Kisu hakikwepeki, alisema, na sauti haitarudi. Nihal akaomba jambo moja tu: kabla ya kisu, asome hadharani, kwa sauti yake mwenyewe, shairi lake refu la kijiji chao, kile ambacho mto Sindhu ulikimeza yeye na Sabhagi wakiwa bado maharusi.

Chama chetu cha fasihi kilifurahi mno. Hafla! Na hafla kwetu ina utaratibu: mwenye siku husema mwisho, baada ya wote wanaomheshimu.

Basi wakamheshimu. Mhadhiri mmoja alieleza kwa kirefu jinsi yeye mhadhiri alivyoanza kutunga. Wadero Jurial, kabaila wetu asiyejua kutofautisha beti na bilingani, alichelewa, ikabidi tuanze upya ili naye asikie akisifiwa. Kila aliyepanda jukwaani alimvika Nihal shuka la ajrak, jekundu kwa buluu, heshima yetu ya juu kabisa. Ilikuwa Juni, umeme umekatika, feni zimelala. Mwishowe Nihal alionekana macho na kofia tu.

"Sauti hii," Wadero alinguruma kwenye kipaza sauti cha betri, "ni mali ya Sindh nzima!"

Makofi. Mwenye sauti akainua mkono. "Saeen, bwana wangu, naomba nisome sasa."

"Utasoma tu, ndugu yangu, haraka ya nini? Katibu hajashukuru."

Katibu akashukuru, hadi waliokodisha viti. Nihal alipokamata kipaza sauti tu, harufu ya biriani ikaingia. Ukumbi mzima ukainuka.

"Soma, Saeen, tunakusikia!" walisema, migongo ikielekea kwenye masufuria.

Upande wa wanawake alibaki Sabhagi. Nyuma nilibaki mimi, maana tumbo langu halielewani na biriani ya kamati.

"Soma, baba Rano. Mimi nimekaa."

Akasoma. Pale mto unapofika mlangoni, koo likagoma. Alijaribu tena, ikatoka pumzi tupu. Sabhagi akasimama, akaendelea na ubeti uliofuata, na mwingine, mpaka kijiji chote kikaenda na maji.

"Umejulia wapi?" Nihal alinong'ona.

"Umenipigia kelele jikoni miaka yote hii. Ulidhani mimi kiziwi?"

Nihal alilia. Nami nililia, sifichi.

Siku hizi sauti hana, ila kamati imempa cheti. Anayelitaka shairi huenda dukani, na Sabhagi hulisema huku akikoroga achari, akiongeza beti zake za kuwasema majirani asiowapenda. Nihal hugonga pipa kupinga.

"Limekukera? Haya, lisome mwenyewe," humwambia.

Nihal hucheka mpaka mabega yakatikisika, na dukani husikii kitu.