Fundo Linalotaka Uachie Mkono

Juzi, hapa Dubai, nilikuwa kwenye basi la kutoka Silicon Oasis kurudi International City, nimepata kiti cha dirishani, miguu imevimba mpaka viatu vimeanza kulalamika. Kazi yangu ni ya kusimama, ndugu yangu. Nasimama mapokezi kwenye jengo la ofisi tangu jua linachomoza mpaka lenyewe linachoka na kwenda zake, na mimi bado nipo, natabasamu. Basi likasimama kwenye taa nyekundu, na pale kando ya barabara, kwenye mti mkubwa, nikamwona mtu ananing'inia angani. Kavaa helmeti, kakalia mkanda, mikono yote miwili kaiachia kabisa, anasubiri wenzake wa chini wampandishie msumeno. Abiria wengine hawakuinua hata macho kutoka kwenye simu zao. Mimi nilimtazama hadi taa ikageuka kijani, nusura shingo iachane na mwili. Nilikuwa naitazama ile mikono.

Utotoni tuliishi Al Baraha, upande wa Deira, ilikuwa miaka ya elfu mbili na kumi na kitu. Fleti ilikuwa moja, familia kadhaa, na chumba chetu kilikuwa kidogo kiasi kwamba mmoja akigeuka usingizini, na wengine wanageuzwa. Asubuhi niliamshwa na harufu ya iliki, kwa sababu Mama alikaanga maandazi ya kuwauzia wapangaji kabla hawajaenda kazini, na mlio wa mafuta ulichanganyika na mngurumo wa kiyoyozi kilichokuwa kikidondosha maji kwenye ndoo. Kumwaga ndoo ile ilikuwa kazi yangu. Nilimwaga maji mengi, naamini ningeweza kumwagilia jangwa lote likaota mpunga.

Chumba cha jirani alikaa Mganda, mlinzi wa duka, mrefu hata alikuwa anaingia mlangoni kwa awamu. Ijumaa alikuwa na mapumziko kama Baba, na Ijumaa yake aliimaliza kwenye maandazi ya Mama na kumtania Baba.

Na Baba alikuwa mkwezi. Kwao Wete alianza kukwea minazi na mikarafuu kabla hajaota meno ya pili, na kampuni iliyomleta Dubai ilimleta kwa ajili ya mitende ya kwenye majumba ya watu wenye uwezo. Kifaa chake kilikuwa kile kile wanachotumia wenyeji tangu zamani, wanakiita habul: mshipi mpana wa nyuzi za mtende unaokaa mgongoni, na kamba inayozunguka shina. Unaegemea nyuma, unapiga hatua, unairusha kamba juu, unapiga hatua nyingine. Baba alipanda hivyo mitende mirefu ambayo, ukifika kileleni, unawasikia marubani wakiagiza chai. Akirudi jioni mikono yake ilikuwa imejaa miiba, nami nilikaa naye sakafuni na sindano na kipande cha ndimu, namchomoa mmoja mmoja. Msimu wa tende alituletea za manjano, bado ngumu, zinazokwaruza ulimi, tukazila na chai ya maziwa.

Wakati namchomoa miiba alikuwa ananieleza aliyofundishwa na babake. Mguu ukiteleza, alisema, mkono upo. Mkono ukiachia, andaeni sanda. Kwa hiyo usiachie. Hata kama nyuki, hata kama nyoka, hata kama mwenye shamba anakutukana huko chini, usiachie.

Kisha arbab, yaani tajiri mwenye kampuni, akapata kazi kubwa ya kupunguza matawi ya miti kwenye mtaa mpya wa nyumba za kifahari. Si mitende tena. Miti yenye matawi, iliyotanuka, ambayo huwezi kuikumbatia shina. Wenye mtaa wakasema hapandi mtu bila vifaa vya kisasa, na kila mkwezi afanye mtihani. Atakayefeli, khalas, visa inafutwa. Na visa ya Baba ndiyo iliyokuwa imetubeba mimi na Mama. Ikianguka, tunaanguka wote watatu mpaka Wete, na shule yangu naiacha katikati ya mwaka.

Vifaa vyenyewe vilikuja kwenye gunia, na Alhamisi moja Baba aliruhusiwa kuja navyo nyumbani. Nilivipanga mkekani kama vyombo vya bibi harusi. Helmeti ya njano. Kifuko kizito kilichofungwa uzi mwembamba, cha kurushia juu ya tawi ili uzi uvute kamba. Kamba yenyewe, nene, laini, yenye rangi za peremende. Pete za chuma zenye mlango unaojifunga wenyewe. Na mkanda unaopita kiunoni na mapajani. Jina lake la Kizungu, harness, Mama alilipiga marufuku, maana midomo yetu ikilitamka linageuka tusi kwa mwanamume. Kwetu ukaitwa mkanda wa kukalia, basi.

Ila kisirani kilikuwa fundo. Kamba inapita juu ya tawi na kushuka pande mbili. Upande mmoja umefungwa kwenye mkanda wako. Upande wa pili unazungushiwa kipande kifupi cha kamba kinachotoka kwenye huo huo mkanda, mizunguko kadhaa, na mizunguko hiyo ndiyo fundo. Ukilisukuma kwa mkono, linateleza. Ukilikalia kwa uzito wako, linang'ata kamba na kukushika palepale. Ukitaka kushuka, unaligandamiza kidogo kwa juu, nalo linakuachia taratibu. Sasa fikiria mtu ameogopa akalikamata kwa nguvu zake zote. Fundo halijui kwamba ameogopa. Linadhani anataka kushuka, na linamshusha kwa kasi ya lifti iliyokatika.

Ndivyo ilivyomtokea Baba siku ya kwanza ya mafunzo. Alipofika juu tawi likayumba, na mkono wake ukafanya kile ulichofundishwa tangu utotoni: ukashika. Akateremka mzima mzima. Mwalimu wa kamba, Mnepali mmoja mwenye sauti ya upole, alikuwa anapiga kelele chini, "Baba, hand khalas, hand khalas," yaani mkono basi, uache, na kadiri alivyopiga kelele ndivyo Baba alivyozidi kubana. Alirudi nyumbani anachechemea, kiganja kimeungua kwa msuguano wa kamba. Siku ile hapakuwa na miiba ya kuchomoa. Nilimpaka mafuta.

Akapewa wiki moja kabla ya mtihani.

Ijumaa, baada ya swala na wali, tulishuka wote nyuma ya jengo, kwenye uwanja wa mchanga walikoegesha magari. Palikuwa na mwarobaini mmoja mkubwa. Baba alirusha kifuko mara moja tu kikapita juu ya tawi alilolitaka. Kwa kurusha alikuwa fundi. Mganda akaleta godoro lake akalitandaza chini. Baba akapanda, akafika, sauti ya yule Mnepali kichwani mwake ikamwambia aachie, na mkono ukashika. Puu, godoroni. Akapanda tena. Puu. Madirisha yote ya jengo yalikuwa yamejaa vichwa, nadhani hata waliokuwa wamehama walirudi kutazama.

"Mzee," Mganda akasema, "hiyo godoro ndiyo inafanya mtihani ama ni wewe?"

"Nyamaza, bwana."

"Mimi nanyamaza. Godoro ndiyo inalia."

Baba akakaa mchangani, akavua helmeti. Alikuwa amechoka uchovu ambao sikuujua siku zile. Akamwambia Mama, kwa sauti ya chini kama mtu anayesema jambo la aibu, "Mimi nataka kuachia. Mkono ndio hautaki. Siwezi kuusemesha."

Mama alikuwa amesimama na birika la chai. Akaliweka chini. "Nifunge mie."

"Nikufunge wapi?"

"Hapo ulipokuwa wewe. Mie si mkwezi, mikono yangu haijui kitu."

"Watu wanatazama."

"Watazame. Kesho watanunua maandazi."

Akapanda nyumbani, akarudi amevaa suruali ya kazi ya Baba, buibui kalikusanya kiunoni. Mama hakuwa mwembamba. Tulipohama Wete meli iliegemea upande wake. Baba alimfunga mkanda, akafunga fundo, akalifungua, akalifunga upya, akalivuta, akalitazama kwa chini, akalitazama kwa juu. Sijawahi kuona mtu akifunga kitu kwa uangalifu ule. Kisha Mganda akavuta kamba, Baba akasimama juu ya kreti analisukuma fundo, na Mama akaondoka ardhini. Alipofika mahali ambapo Baba hawezi tena kumgusa, Mganda akaiachia kamba. Kwa macho yangu ya kitoto, Mama alikuwa juu kupita minara yote ya mji huu.

Akaachia mkono mmoja. Akaachia wa pili. Akakaa pale, miguu inabembea, kandambili moja imemdondoka.

"Ndiyo hivi tu?" akauliza.

"Ndiyo hivi tu," Baba akajibu.

"Nilidhani kuna kitu." Akazunguka taratibu mara moja, kamba ikamgeuza akarudi kutuelekea. "Nani kanifungia fundo hili?"

"Ni mimi."

"Kwa mkono gani?"

"Kwa yote miwili."

"Basi imeshamaliza kazi yake. Ipumzishe."

Baba akamshusha, akamfungua, akajifunga mwenyewe. Alipotaka kupanda Mama akamwambia asubiri, akamwelekeza Mganda la kufanya. Baba akakwea mpaka usawa wa kichwa cha Mganda. Hapo, kabla mkono haujapata nafasi ya kufikiri, Mganda akamtia bilauri ya chai moto kushoto na andazi kulia.

"Mwaga chai yangu uone," Mama akasema.

Tawi likayumba. Nikaona vidole vya Baba vinakaza bilauri, chai ikatetemeka mpaka ukingoni, na fundo likang'ata. Likamshika. Hakuna kilichomwagika. Akakaa. Baada ya muda akanywa, kisha akauma andazi, akatafuna polepole akitazama mbele, na madirishani watu wakapiga makofi kana kwamba timu ya taifa imefunga bao. Jioni ile alikunywa chai nyingi sana kule juu. Mganda alisema tukiendelea hivi jengo zima litabaki bila sukari.

Mtihani sikuuona, nilikuwa shule. Nilirudi mbio, mkoba unanipiga mgongoni, nikamkuta Baba kalala mkekani mchana kweupe, na viatu vyake vya kazi miguuni, helmeti bado kichwani. Mganda alikuwa mlangoni na chupa za soda za kusherehekea, Mama kajiwekea kidole mdomoni kumnyamazisha, soda zinamchemkia Mganda mkononi.

"Kafaulu au kafeli?" nikanong'ona.

"Kafaulu," Mama akasema. "Huoni alivyolala?"

Akapiga magoti, akamfungua kamba za viatu, akamvua kimoja, akapumzika, akamvua na cha pili. Baba hakuamka. Mikono yake ilikuwa imelala pembeni, viganja juu, imefunguka.

Mimi siku ile nilidhani tumeshinda, na ushindi ni kitu unachokipata halafu unakaa nacho. Kumbe alikuwa amefaulu kupewa kazi. Aliifanya kiangazi baada ya kiangazi, kwenye joto la kukaanga njiwa wakiwa bado wanaruka, mpaka mgongo ukasema khalas wenyewe, na visa tuliyoipigania kwa chai na maandazi ikafutwa kimya kimya, bila mtihani. Tulirudi Wete. Mimi nikaja tena peke yangu nilipokuwa mtu mzima, nikamalizia shule kwa masomo ya usiku, nikipiga hesabu za pembetatu huku kope nimezishikilia kwa vidole. Cheti ninacho, kizuri, kina muhuri.

Nilipita Al Baraha mwaka jana. Jengo lipo, limepakwa rangi. Mwarobaini haupo, wameweka lami na mistari myeupe ya kuegesha magari. Mganda sijui yuko nchi gani. Uliza mtu yeyote pale kama aliwahi kumwona mwanamke wa Kipemba amekaa angani na mguu mmoja peku, atakuona una homa.

Juzi basi liliponishusha nilipanda ngazi hadi chumbani tunapolala wasichana sita, wenzangu wote wako zamu. Nikajilaza kidogo tu, nipumue kabla ya kupika. Nilipozinduka kulikuwa kumekucha, ni wakati wa kuondoka tena, na viatu vilikuwa bado miguuni mwangu, hakuna aliyenivua.