Mama Mudogo Aliyeitwa Koko

Mama yangu alizaliwa miaka minne kabla ya mdogo wake. Ninaanza na hilo kwa sababu kulikuwa na kipindi, nyumbani kwetu Bukavu, ambapo tulikatazwa kulitamka mbele ya wageni.

Walikulia Mumosho, wakalala mkeka mmoja, wakala sahani moja. Kisha mama akaolewa na kijana aliyesoma, na mdogo wake akaolewa na mkulima aliyeteremka Luberizi kutafuta shamba la mpunga. Hakuna aliyeolewa vibaya. Bwana wa mama mudogo hakuwa mlevi wala mtu wa kupiga mke. Alikuwa mkulima tu, na baba yangu alikuwa mhasibu katika kampuni ya chai. Sisi tulikaa Ibanda, nyumba ya matofali yenye bomba uani, na kila mwezi baba alirudi na maziwa ya unga.

Zamani mama mudogo alikuwa akitutembelea mwaka mpya, na mchele kichwani. Barabara ya Ruzizi, inayopanda kutoka Luberizi, ilipoharibika, malori yakawa machache, naye akaacha kuja. Miaka ikapita. Nikafika darasa la nne la sekondari bila kumwona tena.

Siku aliyokuja, mimi ndiye niliyefungua mlango. Mlangoni alisimama mwanamke mzee, mkavu, nywele zimepungua chini ya kitambaa, mikono kama mizizi, na tumbo limejaa mbele kana kwamba ana mimba. Nilipiga goti kidogo, kama tulivyofundishwa.

"Karibu, koko," nikamwambia. Kwetu koko ni bibi, mzaa mzazi. "Unatafuta nani?"

Alinitazama, akacheka bila sauti.

"Minatafuta mama yako. Mi ni mama yako mudogo."

Baba alikuwa sebuleni. Alisikia yote.

Mama alipotoka jikoni alimkumbatia mdogo wake, wakabaki hivyo muda mrefu. Baadaye, akimwogesha, aliliona lile tumbo na miguu iliyokonda. Mama mudogo alimweleza kwamba alikuwa akichoka kabla jua halijapanda, na kwamba choo chake kilikuwa na damu tangu zamani. Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayetaja majirani wake.

Katika hospitali ya watu wote, mgonjwa alikwenda na godoro lake, shuka lake na hata sindano yake, na dawa ilitafutwa mjini. Kampuni ya baba ilikuwa na zahanati yake safi, yenye daktari na dawa kabatini. Ilipokea mke wa mfanyakazi, watoto wake na wazazi wake. Shemeji hakuhesabiwa.

Jioni, mezani, baba alisema polepole, "Tutamupeleka kule. Nitasema ni mama yangu."

"Mama yako alishakufa," mama akajibu.

"Kampuni haijui."

"Na nani ataamini? Ni mudogo wangu."

Baba alinitupia jicho, nami nikainamisha uso kwenye bugali.

Asubuhi tulikwenda. Baba alivaa abacost yake ya kijivu, koti rasmi lisilo na tai, na njiani nilimsikia akijisemea maelezo: kwamba mama yake aliugua kijijini, kwamba alizaliwa kabla ya vyeti. Hakuyahitaji. Karani wa mapokezi alimtazama mama mudogo mara moja tu.

"Huyu ni mama ya citoyen?" akauliza, kwa neno la "mwananchi" tulilolazimishwa kuitana miaka ile.

"Ndiyo," baba akasema.

"Karibu, koko. Ikala hapa, usisimame."

Alimletea kiti mwenyewe. Baba alibaki amesimama, akivuta kola ya abacost kana kwamba imembana. Nilijua alichokionea aibu. Hakuwa na aibu ya uongo wake. Uongo ulipita bila mtu hata mmoja kuushangaa, na hilo ndilo lililomwinamisha.

Wakamlaza. Kitanda cha jirani kilikuwa na ajuza wa kweli, mama wa dereva mmoja, mwenye kupenda mazungumzo. Kila nilipopeleka chakula nilimkuta akimkumbusha mama mudogo mambo ya zamani za Wazungu: kazi ya lazima ya barabara, mijeledi, chumvi ilivyoadimika wakati wa vita vyao.

"Mimi na wewe tumeona mambo," ajuza alisema.

"Tumeona," mama mudogo akaitikia.

Siku moja ajuza alipolala, mama mudogo aliniegemea.

"Ananiuliza nilikuwa wapi wakati wa chumvi. Nilikuwa sijazaliwa. Minasemaka tu ndiyo, ndiyo." Akacheka. "Lakini naye hanipingi. Ananiangaliaka, anaamini."

Nilimfungulia sufuria ya sombe, majani ya muhogo.

Daktari alipita na kundi lake la wauguzi. Mama alikuwapo, na chupa ya chai mkononi. Daktari aliminya tumbo kidogo, akatazama macho, akamgeukia baba kwa heshima.

"Citoyen, mama yenu amechoka. Ni umri. Mwili wa muzee inakuwaka hivi, damu inapunguka, maji inajaa. Tutamupatia vitamini, akule chakula laini, apumzike. Musimusumbue na mambo mingi."

"Aksanti, docteur," baba akasema.

Mama alifungua chupa ya chai. Kumwambia daktari ukweli kungekuwa kumtoa baba kazini. Miaka ile mishahara ilikuwa ikiliwa na bei za sokoni, na wenzake kadhaa walikuwa wameshafukuzwa kwa makosa madogo kuliko hilo. Alimimina chai kwenye kikombe hadi ikamwagika juu ya shuka.

Nyumbani mama aliacha kula pamoja nasi. Baba alimwambia, kwa sauti ya kuomba, "Wakijua, watanifukuza. Batoto watakula nini?"

Mama alikuwa akikunja nguo. Aliendelea kuzikunja.

"Mudogo wangu atakufa na uzee ya mama yako," akasema.

Baba alikwenda kukaa uani, peke yake, karibu na bomba.

Kesho yake mama alinichukua. Hakumwambia baba. Tulimngoja daktari mlangoni mwa ofisi yake hadi alipomaliza wagonjwa.

"Docteur, ule koko si mama ya bwana yangu," mama akasema. "Ni mudogo wangu. Tumbo moja. Mimi niko na quarante-deux, arobaini na mbili. Yeye hajafikisha quarante. Nilikuwa ninamubeba ku mugongo."

Daktari hakukasirika. Ingekuwa rahisi zaidi kama angekasirika. Alimtazama mama kwa muda: viatu, kikwembe cha kitenge kilichopigwa pasi, shingo yenye nyama, nywele nyeusi zilizosukwa vizuri. Mama alikunja mikono yake, mikono laini inayopakwa mafuta kila asubuhi, akaificha ndani ya kikwembe. Nami nilivuta sketi yangu ya shule chini ya magoti, sijui kwa nini.

"Anafanyaka kazi gani?" daktari akauliza.

"Mupunga. Luberizi."

"Ndani ya maji?"

"Tangu aolewe."

Daktari aliinuka, akaenda na mama wodini upya, na safari hiyo hakuharakisha. Aliuliza kuhusu choo, kuhusu homa, kuhusu uzazi. Mama mudogo alikuwa amezaa watoto tisa, akazika wanne. Vipimo vilipotoka, daktari alimwambia mama kwamba ni kichocho, vijidudu vya maji yaliyotuama, vilivyokaa mwilini miaka mingi hadi ini likakauka. Na malaria isiyotibiwa ilikuwa imemaliza damu. Dawa ilikuwapo. Ingekuwa na nguvu zaidi kama angekuja zamani.

"Sitasema kwa kampuni," akaongeza. "Lakini mbele ya ba infirmiers, wauguzi wangu, abaki koko."

Akabaki koko. Alianza kula, tumbo likapungua kidogo, akaweza kupanda ngazi. Siku ya kutoka, daktari alimwonya asiingie tena majini. Mama mudogo alimsikiliza kwa adabu.

"Docteur, mupunga yetu inakaaka mu maji," akajibu.

Mama alimwomba akae nasi Ibanda. Alikaa hadi nguvu zilipotosha kupanda lori, akasema watoto wanamngoja na palizi haingoji mtu. Tulimsindikiza. Baba alimpa koti lake la sufi, akamshika mkono kwa mikono yote miwili, na hakuweza kumtazama usoni.

Msimu wa mvua wa pili baada ya hapo tuliletewa habari kwamba amefariki. Tulishuka hadi Luberizi kwa mazishi. Wanawake aliokuwa akipalilia nao walikuwa wengi, na wote walifanana naye. Hakuna aliyesema amekufa kijana. Walisema amepumzika. Tuliporudi, mama alikuja na mabinti wawili wa mwisho wa mdogo wake, na safari hii baba aliwaandikisha kampuni kuwa watoto wake, bila kujiandalia maelezo yoyote. Walikua pamoja nasi, wakisoma, wakinywa maziwa ya unga. Wote wawili wapo hai, ni wanawake warefu, wenye wajukuu.

Mimi nimempita mama mudogo kwa umri, tena kwa mbali. Kanisani wanawake wadogo hunisifu kwamba sizeeki, na huniuliza ninatumia nini. Huwajibu kuwa ni Mungu, kwa sababu ndilo jibu linalotarajiwa, kisha nafungua kitabu cha nyimbo nikijifanya natafuta ukurasa. Hawanioni nikipata aibu. Nilipewa bomba uani na mshahara wa baba, na mama mudogo, aliyelala mkeka mmoja na mama yangu, alipewa maji ya mpunga.