Mpakiaji wa Njegere Anayegoma Kuondoka Mezani Kimya

Saa sita na nusu mchana. Eulalia Xicay anamaliza tortila yake ya mwisho, anajifuta mikono kwenye aproni, kisha anasimama.

"Matyöx," anamwambia wa kulia kwake. "Matyöx," anamwambia wa kushoto. Anaizunguka meza nzima, wanawake ishirini na wawili, mmoja baada ya mwingine.

Mlangoni, msimamizi Rolando Samayoa anatazama saa.

Eulalia, mwenye miaka 47, hupakia njegere katika ghala moja nje ya Tecpán, Guatemala, kwa ketsali 85 kwa siku. Kwa hizo anasomesha mabinti wawili. Ameshapewa barua mbili za onyo. Ya tatu ni ya kufukuzwa. Kosa lake ni kushukuru.

Kwa Wakaqchikel, wenyeji wa asili wa huko na kabila la Eulalia, mtu haondoki mezani hivi hivi kama kuku. Humwambia matyöx, yaani asante, kila aliyekula naye, hata asiyempikia. Uongozi umeona desturi hiyo inakula dakika sita, ukabandika tangazo: ukimaliza kula, nyanyuka kimya.

"Kwani asante moja ya jumla haitoshi?" Samayoa anafoka. "Na neno lenyewe wala si lenu. Hiyo 'työx' ya mwisho ni Dios, Mungu wa Kihispania. Mmeazima!"

"Tumeazima lini, bwana wee? Waliingia nalo bila hodi," anajibu Eulalia. "Tukalisaga kwa jiwe letu, tumelila miaka mia tano. Leo unataka tulitapike?"

Meza nzima inaangua kicheko. Nasi tusijitie ujuaji: asante na shukrani zetu zilitujia kutoka Kiarabu, na tunazitumia bila kumwomba mtu ruhusa.

"Kutwa nzima nasikia 'haraka, haraka'," anasema Eulalia. "Mezani tu ndipo naonekana mtu. Siachi ng'o!"

Samayoa anachomoa barua ya tatu mfukoni. Kabla hajaikabidhi, Tomasa Sotz, mpakiaji mpole ambaye hajawahi kumjibu msimamizi, anainuka.

"Matyöx," anamwambia jirani yake. Wa pili anainuka. Wa tatu. Dakika sita zinakuwa ishirini, na Samayoa ana barua moja tu.

Hadi muda wa kutoka, hajampa mtu. Eulalia naye hana mpango wa kuulizia.

"Kesho nakuja na maharage yangu," anasema. "Wakinifungia geti, nitakula hapo nje, na nitashukuru kwa sauti mpaka wasikie huko ndani."