Msichana wa Kitabuni Alipona

Katika hadithi za mapenzi nilizosoma nikiwa kidato cha pili, msichana mlemavu alikuwa na njia mbili tu: apone au afe. Mama aliuza vitabu vya mitumba mjini Eldoret, na vilivyokosa wanunuzi vilirudi nyumbani vikawa vyangu. Vilinikera kweli kweli. Hata hivyo nilivisoma mpaka mwisho, nikilia.

Polio iliuharibu mguu wangu wa kushoto nikiwa mdogo, na hadi leo natembea kwa mkongojo. Vurugu za baada ya uchaguzi zilipotufukuza, baba alinisukuma kwa wilbaro hadi kambini, watu wakitupita mbio, mimi nikitazama moshi uliokuwa unatoka kwetu. Tuliporudi nilijiapia kwamba hakuna mtu atakayenibeba tena.

Jirani yetu alikuwa na kijana, wa kabila lile tulilolikimbia. Alikuwa mwanariadha, mrefu kama mlingoti, na alipenda kuazima vitabu vyangu. Nilimpenda kitambo kabla ya kukubali kwamba nampenda. Siku moja mvua ilinyesha, njia ya kutoka shule ikawa tope tupu. Bila hata kuniuliza, akaniinua mikononi, kama alivyofanya kijana wa kwenye kitabu nilichomwazima wiki hiyo.

Nilimtandika mkongojo mgongoni. "Niweke chini! Kwani nani amekwambia nataka kubebwa?"

Akaniweka chini, pale pale kwenye tope. "Si kwa kitabu yule msichana alifurahi?"

"Huyo wa kitabu alipona! Mimi siponi. Kama unangoja nipone, usipoteze time yako."

Nilienda zangu nikiwa na hakika kwamba nimemfukuza kwa mdomo wangu mwenyewe, na nililia hadi mlangoni kwetu.

Kesho yake nilimkuta langoni mwa shule.

"Leo ni easy," akasema.

Nilimtumbulia macho. Akanieleza kwamba huko Kaptagat wanakofanyia mazoezi, siku ya easy kikundi kizima hukimbia kwa mwendo wa yule wa polepole kuliko wote, na ukimpita mwenzako kocha anakufokea mbele ya watu. Basi tukatembea. Nilisimama makusudi, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu, nimpime. Akasimama. Wanafunzi wenzetu walitupita wakicheka, naye akawapungia mkono.

"Na kesho?" nikauliza.

"Kesho pia ni easy."

Juzi tulikuwa tunavuka barabara mjini, mimi na yeye, tukitoka sokoni. Mwendesha boda boda alichoka kutungoja, akapiga honi na kupaza sauti: "Mzee, si umbebe tu mama tuende!"

Mume wangu hakugeuka hata kidogo.

"Leo ni easy," akamwambia.