Besi ya "kizamani" ilivyoninyima kazi ya ndani ya factory, Kericho

Wakuu, salamu popote mlipo. Shule niliachia class six, kwa hivyo mkiona sentensi imelala vibaya, irukeni. Lakini uongo hamtapata hapa, na majina nitataja.

Hii ni miaka ya tisini. Nilikuwa nachuma majani ya chai kwa estate moja upande wa Kapsoit. Wenye wamechuma wanajua. Mvua inakuja saa nane kila siku, na wewe uko kwa shamba na kikapu mgongoni. Kifua changu kilikuwa kimeanza kukataa.

Estate ilikuwa na band. Mimi besi, Omolo ngoma, ndugu wawili kwa gitaa, wote wachumaji. Kiongozi alikuwa Wesley, fundi wa mashine za factory. Culprit ndiye huyo, mwandikeni.

Kukawa na sherehe ya kuaga mkubwa mmoja. Meneja akatuambia, nikifurahia muziki, wachumaji wa band nawahamisha factory. Ndani. Chini ya mabati.

Hapo ndipo Wesley akaletewa besi na shemeji yake wa ng'ambo, akasema nipige hiyo tu. Reissue. Yaani ni mpya, lakini imetengenezwa ifanane na ile ya zamani mpaka makosa yake.

Gitaa za siku hizi, skrubu ya kunyoosha shingo iko juu kichwani, unazungusha dakika moja. Ya hii ilifichwa pale shingo inaingia kwa mwili. Kuifikia ulegeze nyuzi, ung'oe shingo nzima, uzungushe, urudishe, utune, ndio ujue kama umepatia. Kama hujapatia, anza tena.

Na kwa ule unyevu wetu, shingo ilipinda kila mvua.

Nikamwambia Wesley tukate kipande kidogo cha ile plastiki inayofunika mwili mbele, bisibisi ifikie skrubu bila kung'oa shingo.

"Ukate vintage?" Akaniangalia kama nimesema tumkate mamake.

Omolo akasema, "Omera, hata ng'ombe hukatwa pembe asidunge watu."

"Ng'ombe hana vintage."

Hata sponge ya chini ya nyuzi, inayoziba sauti, alikataa itolewe. Ati watu wa zamani walikuwa nayo.

Siku ikafika. Wimbo wa kwanza, sponge ikaimeza besi, mvua ikaanguka. Wa pili, nyuzi zimeinuka kama kamba ya kuanika nguo. Wesley akasimamisha muziki, akatoa bisibisi mfukoni, akang'oa shingo mbele ya meza kuu.

Pastor akaombwa aombe kidogo. Akaomba. Shingo ikarudi, bado. Ikang'olewa tena. Pastor akaombwa aongeze.

Mara ya tatu Wesley akasema mbao imekunywa maji. Akakimbia nayo factory, akailaza pale majani mabichi hupulizwa hewa moto yanyauke.

"Dakika kumi," akaniambia akitoka. "Wewe simama hapo na mwili. Usiharibu picha ya band."

Wakuu, nilisimama. Nimevaa gitaa bila shingo, mkono wa kushoto umeshika hewa. Wenzangu wakapiga nyimbo sita.

Nikasikia mama mmoja wa Soin akiuliza mwenzake, "Na huyu anapiga nini?"

"Nyamaza. Labda ni ya wireless."

Shingo ilirudi watu wakila, inanuka chai, imepinda upande ule mwingine. Wesley akaipangusa na tai yake. "Lakini ona, hakuna mkwaruzo."

Jumatatu nyapara akasoma majina ya kuhamia factory. Omolo. Ndugu wawili. Akafunga kitabu.

Nikaenda kwa meneja mwenyewe, kofia mkononi. Nikamwambia, mimi ndiye wa besi.

Akafikiria. Hakuwa mtu mbaya.

"Besi sikuisikia," akasema.

Na ni ukweli, hakuisikia.

Nilichuma miaka saba zaidi kwa mvua. Leo nikipanda ngazi ya hospitali napumzika mara mbili. Omolo yeye alistaafu kifua kizima, anaimba kwaya.

Nilichojifunza ni hiki: wenye walitengeneza vitu vya zamani hawakupenda zile shida. Walikosa namna tu. Sisi tunazinunua makusudi.

Wesley, account yako naijua, uko humu. Najua besi imetundikwa sitting room, original kabisa, haijawahi kupigwa nyimbo mbili mfululizo. Jibu mbele ya watu.

Na nyinyi wengine, mngekata ile plastiki ama mngeiacha? Semeni bila kuniogopa.